Gaskiti ya Lameki

Lameki wa Kahororo alikuwa na sifa mbili, na waliomfahamu walikuwa hawajaafikiana ni ipi inayochosha zaidi. Ya kwanza, alikuwa fundi asiyejua kudanganya. Mafundi wengine wa Bukoba ukiwapelekea injini iliyokufa walikuambia itapona kesho. Lameki alikuambia imekufa, akakupa na pole. Ya pili, alikuwa ameokoka, na hakuokoka kimyakimya. Mwaka wa arobaini na nane alisimama mbele ya Walutheri wenzake akatubu pombe ya rubisi, sigara, na mablanketi mawili ya jeshi aliyokuwa amesahau kuyarudisha. Tangu siku hiyo akialikwa kwenye sherehe alikwenda na chupa yake ya maji.

Ufundi aliutoa vitani. Aliondoka nyumbani akijua baiskeli tu, akakaa Uhabeshi na Burma miaka mitano akilala chini ya malori ya Mwingereza, akarudi na koti zito la jeshi na sanduku la spana. Sanduku hilo alilibeba mwenyewe kutoka melini mpaka Kahororo kwa sababu hakumwamini mchukuzi yeyote. Akasimamisha nguzo nne na mabati sita, akaita karakana.

Baba mkwe wake alikuwa Ta Rugaibula wa Kanazi, mzee mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa, sauti nene, na mabinti watano. Mtoto wa kiume hakujaliwa, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo mwaka wa hamsini na nne, kahawa ilipokuwa na bei nzuri na kila mtu akiota kununua kitu chenye magurudumu, mzee alinunua trekta. Lilikuwa trekta kuukuu lililokwisha kulimia watu wengine mpaka wakalichoka, rangi imebabuka, kiti kimefungwa kamba. Lakini siku lilipoingia uani likitoa moshi, Ta Rugaibula aliweka mkono juu ya boneti, akawatazama majirani zake mmoja mmoja.

"Huyu ndiye kijana wangu," alisema.

Na hakuwa akitania. Asubuhi aliuliza, "Kijana ameamka?" Jioni alitangaza, "Kijana ametoka kulima." Kazi ya kijana ilikuwa kulima rweya, ule uwanda wa nyasi ulioko nje ya migomba, ambao tangu enzi ulilimwa na wanawake kwa jembe la mkono. Dereva wake alikuwa Mujuni, jirani mwenye mguu mzuri wa klachi na koo ambalo halikupata kukataa rubisi ya mtu.

Kijana hakumaliza hata msimu mmoja akachemka. Lameki aliitwa, akafungua kichwa cha injini, akakuta gaskiti imeungua. Kwa asiyejua, gaskiti ni lile bamba jembamba linalolala kati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake, ili maji yapite njia yake na oili ipite njia yake, visikutane. Bukoba nzima haikuwa na gaskiti ya trekta lile. Ingeagizwa Kampala, ije baada ya miezi mitatu ikipenda. Lameki akanunua bamba la shaba, akakaa nalo siku tatu akikata na kupiga tupa, akatengeneza gaskiti kwa mkono wake. Trekta likawaka, wala halikuvuja hata tone.

Ta Rugaibula alilisema jambo hilo kila mahali palipokuwa na masikio. Alilisema kwenye ushirika wa kahawa, alilisema msibani. Mara watu wa Kanazi wakaanza kumiminika Kahororo na mashine zao za kumenyea kahawa, baiskeli zao, hata cherehani. Jovita, binti wa tatu wa mzee na mke wa Lameki, alianza kupanga kujenga jiko la matofali. Maisha yao yote mapya yalikuwa yamekalia kipande kile cha shaba.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Mujuni alifika karakanani kwa baiskeli, jasho likimtoka.

"Fundi, kijana anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Oili imegeuka. Imekuwa kama chai ya maziwa."

Lameki alikaa juu ya sanduku lake la spana. Oili inayogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, hilo fundi wa siku moja analijua. Na maji ya trekta yanakaa mahali pamoja tu, kwenye rejeta. Yakitoka huko yakaingia kwenye oili, yamepita pale pale ambapo gaskiti ilipaswa kuyazuia.

"Mzee anasemaje?" aliuliza.

Mujuni alitazama pembeni. "Anasema ni shaba yako. Anasema uje kesho ukague mbele ya watu, tena useme kwa kinywa chako. Ikiwa ni gaskiti, kijana atavutwa mjini kwa fundi mwingine, na Kanazi nzima itaambiwa spana zako zibaki huku huku."

Jioni ile Jovita alimpakulia ndizi, naye akazitazama tu zikipoa.

"Na kama ni gaskiti kweli?" Jovita aliuliza.

"Nitasema ni gaskiti."

"Mbele ya baba na watu wote?"

"Mbele yao."

"Si ungesema injini imezeeka? Imezeeka kweli. Mume wangu, mtu hafi kwa kupunguza maneno."

"Jovita," alisema Lameki, kwa ile sauti ya mkutano wa maombi, na Jovita akaondoa sahani.

Ijumaa asubuhi wote wawili walikuwa Kanazi. Uani kwa Ta Rugaibula palikuwa pamejaa watu wasiokuwa na haja yoyote na trekta. Lameki alisalimia wazee akiwa ameinama, akapokea punje za kahawa za kutafuna kama desturi, akaketi alipoonyeshwa. Halafu akaangalia chini haraka, kwa sababu mama mkwe wake, Ma Alistidia, alikuwa akipita kuelekea jikoni.

Kwa Wahaya, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mgongo. Hawatazamani usoni, hawaitani kwa jina, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwapo, mbuzi hutosha. Katika miaka saba ya ndoa Lameki alikuwa amemfahamu Ma Alistidia kwa visigino tu. Lakini aliifahamu rubisi yake. Mama yule alikuwa na mkono wa pekee. Mtama wake aliukaanga mpaka ukaribie kuungua, ndipo akausaga na kuuchanganya na maji ya ndizi, na rubisi ikitoka ilikuwa na ukali fulani wa moshi ambao hakuna mwanamke mwingine wa Kanazi aliyeweza kuupata. Lameki aliinywa alipokuja kuposa, akaomba tena, akaomba mara ya tatu. Mwaka uliofuata akaokoka. Ma Alistidia aliupokea wokovu ule kama tusi. Alimuuliza Jovita, "Mkwe asiyekunywa rubisi yangu nitajuaje kama ameshiba?"

Basi Lameki akavua shati la safari, akavaa la kazi. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa kama Mujuni alivyosema: uji wa rangi ya kahawia, wenye povu. Tena kiwango kilikuwa kimepanda vidole viwili juu ya alama. Injini yenye afya hupunguza oili, haiongezi.

"Wanasema mafuta ya taa yanayoendesha trekta nayo huingia kwenye oili," alisema mzee mmoja aliyewahi kupanda lori.

"Huingia, waitu," Lameki alijibu kwa lile neno la Kihaya la heshima. "Lakini mafuta ya taa huifanya oili iwe nyepesi na inuke kama taa. Hii ni nzito."

Akaomba jembe kuukuu, akaliweka juu ya makaa mpaka likapata moto sawasawa, kisha akadondosha tone moja la oili ile juu ya bati la jembe. Oili safi ingekaa pale ikatoa moshi kwa adabu. Hii ilirukaruka na kupasuka kama mahindi kikaangoni, na watu wa mbele wakasogea nyuma.

"Maji," alisema Lameki. Alitamani asiwe yeye aliyelisema.

Uani pakatoka mguno mrefu. Ta Rugaibula aliegemea mkongojo wake. "Basi tumemaliza. Mujuni, tafuta mnyororo wa kumvutia kijana."

"Waitu, bado," alisema Lameki. "Tumejua ni maji. Hatujajua yametoka wapi."

"Trekta lina mito mingapi?"

"Naomba mpaka jioni."

Ta Rugaibula aliangalia jua, akaangalia watu, akaona kuwa onyesho bado lina utamu. Akamkubalia.

Lameki akajaza rejeta maji mpaka mdomoni, akachora alama kwa msumari pale maji yalipofikia. Akamwambia Mujuni awashe. Injini ikanguruma kwa shida, ikatetemesha kibanja, kuku wakakimbilia migombani. Lameki akasimama kando ya rejeta ile, kichwa kimeinama, kama mtu anayesubiri mkate uive. Kama gaskiti imepasuka, moshi wa injini ungepenya ndani ya maji na mapovu yangepanda. Alingoja mapovu. Kila mdudu aliyegusa maji alimshtua moyo. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, watu wakaenda kula wakarudi. Maji yalipata moto, yakatulia. Injini ilipozimwa na kupoa, maji yalikuwa pale pale kwenye alama ya msumari.

"Mzee," alisema Lameki, "rejeta haijapungua. Maji yaliyomo kwenye oili hayakutoka humu. Gaskiti ni nzima."

"Yametoka wapi, basi? Mbinguni?"

Lameki akalizunguka trekta. Mvua ilikuwa haijanyesha siku kumi. Kifuniko cha kutilia oili kilikuwa kimekazwa vizuri. Ta Rugaibula akasema kwa upole wa kutisha kwamba fundi anayejua kila kitu isipokuwa kinachotakiwa hana tofauti na asiyejua kitu, na kwamba kesho asubuhi kijana anakwenda mjini.

"Kesho asubuhi kabla hajaondoka, nitafungua chini," alisema Lameki. "Oili huelea, maji huzama. Tukimwacha atulie usiku kucha, kilichoingia kitakuwa kimekaa chini, nacho ndicho kitakachotoka kwanza. Tutakiona kwa macho."

Jumamosi kulipopambazuka watu walikuwa wameongezeka. Lameki akalala chali chini ya trekta, kama alivyolala chini ya malori miaka ile, akalegeza ile nati ya kumwagia oili robo duara tu, akakinga glasi. Kikatoka kitu. Hakikuwa maji. Kilikuwa na rangi ya kahawia ya tope, na chini ya glasi zilitulia chembechembe ndogo nyeusi. Akakaza nati, akatoka chini ya trekta, akainua glasi kwenye mwanga. Akanusa. Akanusa tena.

Kilichofuata watu wa Kanazi walikisimulia miaka mingi. Lameki aliyeokoka, mtu wa chupa ya maji, alichovya kidole kwenye glasi ile akakilamba. Akafumba macho. Oili ilikuwapo, ndiyo, lakini nyuma ya oili kulikuwa na kitu ambacho ulimi wake ulikuwa haujakisahau kwa miaka sita yote ya maombi.

"Rubisi," alisema.

"Rubisi?" aliuliza Ta Rugaibula.

"Rubisi ya siku tatu. Ndizi zilikuwa zimeiva sana. Na mtama..."

Mtama ulikuwa umekaangwa mpaka kukaribia kuungua. Ladha ya moshi ilikuwa imekaa mwisho wa ulimi, pale pale ilipokaa siku ya posa. Lameki alifumbua macho, na bila kutaka akatazama upande wa jikoni, akaona visigino anavyovifahamu vimesimama nyuma ya mlango, vimetulia tuli.

Akatazama chini. Sasa alijua kila kitu, na hakuwa na ruhusa ya kujua. Mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina hata kwa jambo jema. Kumshitaki mbele ya mumewe na kijiji kizima ni jambo ambalo halina hata adhabu yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya.

Ta Rugaibula hakupata shida hiyo. Yeye aligeuka moja kwa moja kwa Mujuni. "Kumbe. Unakunywa juu ya kijana wangu, halafu unamnywesha masazo."

"Mimi?" alisema Mujuni. "Waitu, mimi? Uliza mtu yeyote hapa. Tangu nizaliwe nani amewahi kuniona nikimwaga rubisi?"

Watu walikubali kwa vichwa. Ulikuwa utetezi mzito. Lakini Ta Rugaibula alikuwa amekwisha panda, na mzee yule akipanda hushuka kwa taabu.

"Mkamateni hapo hapo," aliwaambia vijana wawili. "Anakwenda kwa mkungu, mkuu wa kijiji, leo leo. Ataeleza huko."

Mujuni alishikwa mikono. Uso wake ulibadilika. Alikuwa na mke na watoto wanne, na kazi ya udereva ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akamtazama Lameki.

Lameki alihisi kama mtu aliyebanwa na jeki. Gaskiti yake ilikuwa imepona mbele ya mashahidi, jina lake lilikuwa limesimama, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akajaribu kunyamaza. Hakuweza. Mlango wa jikoni ulikuwa upande mmoja na Mujuni upande wa pili, na katikati hapakuwa na mtu mwingine wa kubebeshwa isipokuwa yeye.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi."

Mtu mmoja aliyekuwa akiwahi soko la mjini, ambaye baiskeli yake ilikuwa tayari mkononi, alisikia maneno hayo, akaona yanamtosha, akapanda akaenda zake.

"Wewe nini?" aliuliza Ta Rugaibula.

"Mimi ndiye niliyetia rubisi kwenye injini. Nilikuwa nakunywa, waitu. Ikabaki kidogo. Nikaimwaga humo."

"Wewe umeokoka."

"Nilianguka."

"Ulianguka lini?"

"Siku ile nilipofunga gaskiti."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mtu asiyezoea uongo ni fupi zaidi. Ta Rugaibula alihesabu kwa vidole, taratibu, kila mtu akimwona. "Gaskiti uliifunga wiki tatu zilizopita. Na sasa hivi, kwa ulimi wako, umetuambia rubisi hii ni ya siku tatu."

"Labda... labda ni ya siku nyingi kidogo."

"Ulitutajia mpaka ndizi."

"Nilirudi," alisema Lameki, jasho likimtiririka. "Nilirudi kwa siri, Jumatano."

"Jumatano ulikuwa ukitengeneza mashine yangu ya kahawa," alisema jirani mmoja, mtu mwema aliyedhani anasaidia. "Kutwa nzima. Ulikuwa ukiimba nyimbo za kanisani."

Jovita, aliyekuwa amesimama pembeni, alimtazama mume wake akijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Alijua mume wake hajanywa. Alijua pia kwamba mtu yule hakuwahi kumdanganya hata kuhusu chumvi ya mchuzi. Akafuata mahali macho yake yalipokuwa yakikwepa, akaona mlango wa jikoni, akaziba mdomo kwa mkono.

Mlango ule ukafunguka. Ma Alistidia akatoka, mikono ina unga wa mtama, akapita katikati ya wanaume bila kuinama, akaenda kusimama mbele ya mkwe wake uso kwa uso. Watu kadhaa waliona haya wakageuka. Lameki hakujua aweke macho wapi, akayaweka kwenye glasi.

"Mkwe wangu, nitazame," alisema.

Akamtazama. Baada ya miaka saba aliona kwamba mama mkwe wake alikuwa na macho ya Jovita.

"Uongo huujui. Uache." Kisha akageuka kwa mumewe. "Huyu hajanywa, na Mujuni hajamwaga. Ni mimi niliyempa. Kila jioni akitoka rweya, kibuyu kidogo. Naonja kwanza mwenyewe, kisha nampa, kama anavyopewa mtu yeyote aliyekulimia."

"Umempa nani?" aliuliza Ta Rugaibula.

"Kijana wako. Si wewe uliyesema ni kijana? Kijana anatoka kulima, anarudi anatoa moshi, kila mtu anampiga piga mgongoni, halafu analazwa na kiu. Sikujua pa kumtilia. Lakini nilimwona mkwe wangu siku ile alipomaliza kumtengeneza, akafungua kile kidomo cha pembeni akamnywesha kwa mkono wake. Nikajua ni pale."

Watu walianza kucheka, na Ta Rugaibula mwenyewe alikuwa akikaribia, mashavu yamejaa. Ma Alistidia hakucheka.

"Rweya ile nimeilima kwa jembe miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nimeilima nikiwa na mimba tano. Nilikuwa nikirudi jioni nasikia mgongo unalia, nakuta wanaume wamekaa hapa uani na rubisi niliyoipika mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama koo langu limekauka. Amekuja huyu wa chuma, amenipokea jembe. Mwaka huu nimelala nikaamka sina maumivu. Nikaona mimi nisimfanyie alivyofanyiwa mwingine."

Kicheko kilikatika. Ta Rugaibula alitazama mikono ya mkewe kana kwamba mtu ameileta pale asubuhi ile. Vijana wakamwachia Mujuni bila kuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia kama una kiu?" aliuliza mzee hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo majirani hawakujua kuwa anayo.

"Ningekuambia ungenipa?"

Mzee alimgeukia Lameki, akakohoa. "Mkwe, kijana atapona?"

"Atapona, waitu. Tumwage oili yote, tumsafishe ndani kwa mafuta ya taa mara mbili, tumpe oili mpya. Asinyweshwe tena, isipokuwa maji, na maji yenyewe kwenye rejeta."

"Na gaskiti?"

"Nzima."

"Umesikia, Mujuni? Nanyi nyote mmesikia?" Sauti nene ilikuwa imeanza kurudi. "Gaskiti ya mkwe wangu ni nzima. Atakayesema vinginevyo aje aniambie mimi."

Mchana ule kijana alisafishwa, akawaka kwa mkupuo wa pili, oili ikabaki safi. Jovita alimfundisha mama yake kujaza rejeta na kusoma kile kijiti. Ma Alistidia akaishika kazi hiyo, akawa kila asubuhi anachomoa kijiti na kukitazama kwa jicho moja, na Mujuni hakuthubutu kuwasha kabla hajakubaliwa. Ta Rugaibula naye alionekana jioni akiwa ameketi na mkewe, kibuyu kati yao, amemimina yeye. Majirani walisema mzee ameanza kuzeeka. Ma Alistidia na mkwe wake walirudia desturi, yaani akampa Lameki mgongo tena, ila sasa akipita alipunguza mwendo kidogo.

Lakini yule wa baiskeli alikuwa amekwisha fika mjini, na habari ya ulevi haina pancha. Jumapili Lameki alipoingia kwenye kikao cha waliookoka pale Kahororo, akiwa na Jovita, waliomzoea walisogea kwenye mabenchi wakamwachia nafasi pana. Mwinjilisti Buberwa, mtu mrefu mwenye huzuni ya kudumu, alimwomba asimame aweke mzigo wake nuruni.

Lameki akasimama akaeleza yote: jembe la moto, alama ya msumari, glasi. Alikiri kwamba alilamba kidole. Alikiri kwamba kilikuwa kitamu, oili na yote, na kwamba hilo amelitubu tangu jana kwa machozi. Alikiri kiburi juu ya gaskiti. Watu wakaanza kulainika, wakasogea tena karibu.

"Na ule uongo, ndugu?" aliuliza Buberwa. "Umesema mbele ya watu kuwa ulikunywa, wakati hukunywa. Umelichafua jina lako, umelichafua na letu. Huo nao umeutubu?"

Lameki alishika benchi la mbele kwa mikono yake miwili yenye oili kwenye kucha. Alitafuta moyoni kwa uaminifu, kama anavyotafuta tone kwenye injini. Alitafuta muda mrefu mpaka watu wakakohoa.

"Mwinjilisti," alisema, "huo bado."

Akakaa.